Baniani na Miungu Yake: Dhana Potofu Kuhusu Uhindu na Ukweli Wake

Methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" hakuna Mswahili asiyeijua, lakini ukimuuliza anayeitamka huyo Baniani anaamini nini, mara nyingi utajibiwa kwamba anaabudu ng'ombe na sanamu, na mazungumzo yataishia hapo. Inasikitisha, kwa kuwa Wahindu si wageni kwetu: Jairam Shivji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kutch, magharibi mwa India, ndiye aliyeshika forodha ya Unguja enzi za Sayyid Said. Kwa maoni yangu, makosa yetu mengi yana chanzo kimoja, nacho ni kuipima dini hii kwa kipimo cha dini nyingine, tukitafuta ndani yake nabii mmoja, kitabu kimoja na shahada moja, na tusipoviona tukaliziba pengo kwa uvumi.

Kosa la kwanza ni la lugha. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, na Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu, nayo ni mambo mawili tofauti. Maismailia na Mabohora ni Waislamu. Magoa wengi ni Wakatoliki. Kalasinga anafuata Usikh, dini inayokataa sanamu na yenye kitabu chake, Guru Granth Sahib. Na Maoshwal ni Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India. Jina lenyewe la Uhindu limetokana na mto Sindhu, na waliolianzisha ni Waajemi, waliowaita hivyo watu wa ng'ambo ya mto huo. Wahindu wengi wenyewe huiita njia yao Sanatana Dharma, yaani njia ya haki na wajibu ya milele.

Inadaiwa pia kwamba Wahindu wana miungu milioni 330. Chimbuko la madai hayo ni usemi wa "koti 33", na katika Kisanskriti neno koti huweza kuwa na maana ya milioni kumi, ingawa Wahindu wengi hulifafanua kwa maana ya aina au daraja. Jambo hili lina jibu la zamani sana. Katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya maandiko yao makongwe, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa miungu ni wangapi, naye anajibu kuwa ni 3306. Muulizaji haridhiki, anarudia swali lile lile, na kila anaporudia idadi inapungua: 33, kisha sita, watatu, wawili, mmoja na nusu, na hatimaye mmoja. Rigveda, mkusanyo wa kale wa tenzi zao, nayo inasema kwamba Kweli ni moja, ila wenye hekima huiita kwa majina mengi. Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba basi hiyo ni Tauhidi, kwa sababu huko ni kukosea kwa upande wa pili. Shankara alifundisha kwamba nafsi ya mtu na Brahman, yaani uhalisi wa mwisho, ni kitu kimoja, ilhali Madhva, katika karne ya 13, alisisitiza kwamba Mungu na nafsi ni tofauti milele na milele. Na wote wawili wanahesabiwa kuwa walimu wakuu wa Uhindu.

Vivyo hivyo, miungu watatu Brahma (si Brahman tuliyemtaja juu), Vishnu na Shiva si Utatu Mtakatifu kwa jina jingine. Wakristo wanakiri Mungu mmoja katika nafsi tatu zilizo sawa, lakini mfuasi wa Vishnu humwona Vishnu kuwa ndiye Mkuu, mfuasi wa Shiva humwona Shiva hivyo hivyo, na wapo wanaomtukuza Devi, Mama, kuliko wote. Brahma kwa upande wake ana mahekalu machache mno, na mashuhuri kuliko yote liko Pushkar, Rajasthan.

Kuhusu sanamu, ningependa msomaji aitazame sikukuu ya mungu Ganesha pale Mumbai, India. Familia huleta nyumbani sanamu ya udongo yenye kichwa cha tembo, humwomba Ganesha akae humo kama mgeni, humwashia taa ya samli, humvisha maua, na kumwandalia modak, vitafunio vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru. Siku ya kuagana ikifika, ambayo kwa wengi ni ya kumi, sanamu hubebwa kwa ngoma na nyimbo hadi ufukweni Chowpatty, ikatoswa baharini, huku watu wakimwomba arudi mapema mwakani. Mtu anayeamini kwamba udongo ule ndio Mungu asingeuyeyusha kwa mikono yake mwenyewe. Lakini pia si kweli kwamba sanamu ni pambo tu, kwa sababu katika mahekalu hufanyika ibada ya kuialika pumzi ya uhai ndani yake, na tangu hapo mwumini huenda kutazamana na Mungu aliyepo. Wapo vilevile Wahindu wanaoikataa ibada ya sanamu kabisa, kama Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa Bombay (Mumbai ya leo) mwaka 1875 na ambayo ina wafuasi hata Nairobi.

Ng'ombe naye huheshimiwa kama mama, kwa maziwa yake na kwa msingi wa ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe. Huvishwa mashada siku za sikukuu, lakini si Muumba wa mbingu na nchi. Wala si kila Mhindu anakataa nyama: Wabengali wengi hula samaki bila wasiwasi, na katika hekalu la Kalighat, Kolkata, mbuzi huchinjwa kuwa sadaka.

Karma imepotoshwa zaidi, kwa kufananishwa na kudura au majaliwa. Maana ya neno hilo ni tendo. Kudura hutoka kwa Mungu, lakini karma ni mavuno ya mtu mwenyewe, na anayelima leo anaweza kubadilisha msimu ujao. Wala kuzaliwa tena si zawadi ambayo Mhindu huitamani. Mwislamu na Mkristo husubiri ufufuo na hukumu baada ya maisha mamoja, ilhali Mhindu anatafuta moksha, yaani kutoka katika mzunguko huo wa kufa na kuzaliwa asirudi tena.

Kuhusu matabaka, yaani kuwapanga watu kwa nasaba na kuwabagua walio chini, hapa utetezi haufai. Wako wanaodai kwamba ubaguzi huo haukutokana na dini hata kidogo, na wako wanaodai kwamba kila Mhindu anaukubali, wote wanakosea. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kuwatenga watu kama najisi, lakini aliyeongoza kuiandika, Ambedkar, aliona Uhindu haurekebishiki, akahamia Ubudha huko Nagpur mwaka 1956. Karne nyingi kabla yake, Ravidas wa Varanasi, aliyezaliwa katika jamii ya mafundi wa ngozi, aliupinga ubaguzi huo kwa nyimbo, na baadhi ya nyimbo hizo zimo katika kitabu cha Masikh.

Limebaki suala la kuchoma maiti, ambalo wengi wetu hulitazama kama dharau kwa marehemu. Bhagavad Gita, mojawapo ya maandiko matakatifu ya Wahindu, inaifananisha nafsi na mtu anayevua nguo kuukuu na kuvaa mpya, hivyo moto unaurudisha mwili kwenye asili yake na kuiacha nafsi iende zake. Watoto wachanga na watawa, kwa desturi, huzikwa. Wangari Maathai, ambaye hakuwa Mhindu, alipofariki mwaka 2011 mwili wake ulichomwa katika tanuri la Wahindu pale Kariokor, Nairobi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Majivu ya Wahindu hukabidhiwa maji, aghalabu mto Ganga, lakini si huo peke yake: mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa Jinja, Uganda, pale mto Nile unapoanza safari yake kutoka ziwani.