Simu Iko Mkobani, Akili Iko Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Kusomea Maktaba

Wapo wanaoamini kwamba ukishavuka mlango wa maktaba, umakini unakuja wenyewe. Wapo wanaosema maktaba imepitwa na wakati kwa sababu kila kitu kiko kwenye simu. Kauli zote mbili nazisikia mara kwa mara, na zote zinawanyima watu sehemu ninayoithamini sana.

“Nimezima sauti ya simu na kuilaza kifudifudi. Inatosha.”

Haitoshi, na dhana hii ndiyo inayokula saa nyingi kuliko zote. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, waliwapa watu kazi inayohitaji umakini, kisha wakawapigia simu au kuwatumia ujumbe katikati ya kazi. Waliofikiwa na arifa walifanya vibaya zaidi, ingawa hawakuzigusa simu zao. Mwaka 2017 jaribio la Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin lilikwenda mbali zaidi: simu zilikuwa kimya kabisa, ila nyingine ziliwekwa mezani, nyingine mfukoni au mkobani, nyingine chumba cha pili. Walioziacha chumba cha pili waliwashinda waliokuwa nazo mezani. Waliorudia jaribio hilo hawakupata wote matokeo hayohayo, kwa hiyo siligeuzi kuwa sheria.

Jichunguze mwenyewe. Keti, fungua kitabu, soma mpaka ufike penye aya ngumu, ile unayoirudia mara tatu bila kuielewa. Sasa tazama mkono wako. Kabla hujaamua lolote, vidole vimeshaanza kutambaa kuelekea mfukoni, na hakuna kilicholia. Kinachokupeleka kwenye simu mara nyingi ni ule ugumu wa aya, wala si mlio. Ukiwa maktaba na simu iko mbali, mkono unafika mfukoni, unakuta patupu, unarudi kwenye ukurasa. Hapo ndipo kusoma kunapoanza.

Kwa hiyo kama kuna kabati la kufuli mlangoni, iweke humo. Katika vyumba vya kusomea vya Maktaba ya Uingereza mjini London, mikoba inabaki nje na kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Kanuni za namna hiyo ziliwekwa kulinda vitabu. Naona zinamlinda na msomaji.

Nawe nenda na penseli na karatasi moja ya pembeni. Kila kinachokujia kichwani (“nimjibu dada”, “nitafute maana ya neno hili”) kiandike hapo na uendelee. Saa moja baadaye, nusu ya orodha hiyo haina haraka tena.

“Siri ya maktaba ni kimya.”

Ni nusu ya ukweli. Tangu utafiti wa mwaka 1976 wa Colle na Welsh inajulikana kwamba maneno ya watu yanavuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata yakiwa ya lugha usiyoielewa, ilhali mvumo usiobadilika, kama wa feni, hausumbui kiasi hicho. Maana yake, watu wawili wanaonong'ona nyuma yako watakuchosha kuliko barabara yenye magari. Usichague meza kwa uzuri wa dirisha. Kaa mbali na dawati la huduma, mbali na mlango, mbali na vyumba vya majadiliano.

“Kwenye intaneti nitapata yote, tena haraka.”

Utapata, pamoja na usiyoyahitaji. Chukua mtu anayetafuta kitabu cha ufugaji wa nyuki. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba kufuata mada, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na unaotumika hadi leo, atakwenda namba 638. Upande mmoja wa rafu atakuta maziwa na mazao yake, 637, na kabla ya hapo mifugo, 636. Macho yakitangatanga, yanatangatanga ndani ya ufugaji. Kwenye simu, ukurasa wa nyuki una hatua mbili tu kufika kwenye ugomvi wa watu usiowajua. Ukikwama, muulize mkutubi: kukutafutia ni kazi yake, wala humsumbui.

“Mwenye nidhamu hahitaji maktaba.”

Kauli hii inaniumiza, kwa sababu inawafanya watu waone aibu kujisaidia. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili inabaki kwenye ile ya kwanza. Nyumbani unahamishwa kila dakika: sufuria, mgeni, runinga, ujumbe. Anayeondoka hapo hajashindwa nidhamu. Amepunguza vita.

Wengine hudhani maktaba ni ya wanafunzi tu. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949, linasema ni za watu wote. Mstaafu, fundi, mama mwenye saa mbili kabla ya kumchukua mtoto shule, kiti ni chenu.

“Kama sikai kutwa, sina haja ya kwenda.”

Dakika tisini zenye kazi moja zinatosha kabisa. Kabla ya kutoka nyumbani, andika kazi hiyo kwa sentensi moja, kwa mfano “nimalize sura ya tatu na kuandika hoja zake”. Waambie wanaokutegemea utapatikana saa ngapi, ili usikae na hofu ya kutafutwa. Na ukipumzika, toka nje utembee, simu ibaki kabatini. Ukiifungua kwa dakika tano za mapumziko, utarudi mezani na mazungumzo ya watu wanne kichwani, na ile aya ngumu itabidi uianze upya.