Sekunde 4.23 Hazimfanyi Konabeki

Kila mwishoni mwa Februari, vijana wanaotoka vyuo vikuu vya Marekani hukusanyika Indianapolis kupimwa na timu za NFL, ligi kuu ya soka la Kimarekani, kabla timu hazijachagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi hadi raundi. Wanapofika zamu ya makonabeki, maneno huwa mengi kuliko vipimo. Konabeki ndiye beki anayeachiwa mpokeaji wa pasi pembeni mwa uwanja, mara nyingi peke yake. Mpokeaji anajua anakokwenda na atakatia wapi, beki hajui. Anayempima kijana akisahau hilo atapotea, na dhana sita zifuatazo ndizo humpoteza.

Dhana: mwenye mbio kuliko wote ndiye bora.

Mwaka 2022 Kalon Barnes wa Chuo Kikuu cha Baylor alikimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu, kwa sekunde 4.23. Timu ya Carolina ikamchukua raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, lakini hakufua dafu kwenye kikosi chake. Majaribio hayo hayo Tariq Woolen alitumia sekunde 4.26, akachukuliwa na Seattle raundi ya tano, na msimu wake wa kwanza akanasa pasi 6 za wapinzani, sawa na walioongoza ligi. Miaka kumi kabla yao, Josh Norman alitumia 4.66, muda ambao wengi waliuona wa aibu kwa nafasi yake. Mwaka 2015 alikuwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima.

Mbio za yadi 40 hukimbiwa kwenda mbele, kwa mstari ulionyooka. Konabeki huanza kwa kurudi kinyumenyume, kisha hugeuza nyonga na kufuata mtu aliyekwisha kukata kona. Mimi hutazama ule mgeuko kwanza: je, anageuka kwa hatua moja, au anapoteza mbili tatu akijipanga upya? Mbio zina kazi yake, tena kubwa, kwa sababu aliyepitwa akiwa nazo anaweza kurudi mchezoni. Ila beki anayezihitaji kila mara maana yake anapitwa kila mara.

Dhana: hesabu pasi alizonasa, utamjua.

Hapa ndipo watu hupotea zaidi. Nnamdi Asomugha wa Oakland alinasa pasi 8 mwaka 2006. Mwaka uliofuata alinasa 1, na mwaka 2008 tena 1, na bado mwaka huo aliteuliwa kwenye kikosi bora cha ligi. Makwotabeki, yaani warushaji wa pasi, walikuwa wameacha kurusha upande wake. Golikipa ambaye mabeki wake hawaruhusu shuti hawezi kuonyesha idadi ya mashuti aliyodaka, na konabeki mzuri huwa na tatizo hilo hilo. Upande wa pili yupo Trevon Diggs wa Dallas: mwaka 2021 alinasa pasi 11, lakini msimu huo huo wapokeaji aliowalinda walivuna zaidi ya yadi 900.

Kwa kijana wa chuo, jiulize ni mara ngapi alirushiwa na mpira ulimkuta wapi. Sauce Gardner alimaliza miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Cincinnati bila kuruhusu tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja, hata moja katika ulinzi wake. Timu ya Jets ikamchukua wa nne mwaka 2022.

Dhana: aliyetawala chuoni atatawala NFL.

Uwanja una upana ule ule, lakini sheria zinabadilika. Chuoni beki anaruhusiwa kumgusa na kumsukuma mpokeaji mpaka mpira urushwe. NFL ruhusa hiyo inakoma baada ya yadi 5. Akimzuia mpokeaji isivyo halali wakati pasi iko hewani, adhabu ya chuoni haizidi yadi 15, ilhali NFL mpira hupelekwa palipotendeka kosa, hata kama ni yadi 40 mbele. Kijana mwenye mikono ya kung'ang'ania anaweza kuonekana shujaa Jumamosi, siku ya mechi za vyuo, na Jumapili, siku ya NFL, akaigharimu timu mchezo mzima.

Kuna pia alama za katikati ya uwanja zinazoamua mpira uanzie wapi. Chuoni ziko mbali, kiasi kwamba mpira ukianzia kwenye alama, upande mmoja unabaki na kama mita 18 na wa pili kama 30. Anayelinda upande mwembamba anasaidiwa na mstari wa nje. NFL alama hizo ziko karibu, kwa hiyo pande hizo huwa kama mita 21 na nusu kwa 27, na msaada ule unapungua. Usimsifu kijana kabla hujajua alicheza upande upi.

Dhana: mwembamba hawezi kuangusha watu.

Devon Witherspoon alikuwa na takriban kilo 82 Seattle ilipomchagua wa tano mwaka 2023. Anagonga kama mtu mzito. Utayari wa kugonga hauonekani kwenye mizani.

Dhana: raundi aliyochaguliwa imeshasema yote.

Richard Sherman, aliyekuja kuwa mmoja wa makonabeki bora wa ligi, alichaguliwa wa 154 mwaka 2011. Malcolm Butler, aliyeinasa pasi iliyoamua Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2015, hakuchaguliwa kabisa. Jeff Okudah alikuwa wa tatu mwaka 2020, akakatika kano ya kisigino kwenye mechi ya kwanza ya msimu uliofuata, na mwaka 2023 Detroit ikamtoa kwa Atlanta. Kumwita Okudah kosa la wapimaji ni kumwonea.

Dhana: nimemtazama kwenye televisheni, namjua.

Kamera ya televisheni hufuata mpira. Mara tu mchezo unapoanza, konabeki hutoka kwenye picha, na hurudi pale tu anaporushiwa. Timu hutumia picha ya kutoka juu inayoonyesha wachezaji wote 22, na humo ndimo kazi yake yote ilimo, hasa zile dakika ambazo hakuna aliyethubutu kumrushia.