Bandari: neno la meli lililopanda nchi kavu

Bandari si neno letu la asili. Ni la Kiajemi, bandar, mahali meli inapotia nanga, ikapakia na kupakua. Waarabu walilichukua, Wamalei pia, nasi tukaliongezea irabu mwishoni ili likae vizuri mdomoni. Pepo za kaskazi na kusi ndizo zilizoendesha vyombo vya biashara katika Bahari ya Hindi, na maneno ya kazi husafiri pamoja na wafanyakazi.

Kwenye ramani limejaa tele. Bandar Abbas, kusini mwa Iran, inabeba jina la Shah Abbas wa Kwanza, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Hormuz mwaka 1622. Bosaso ya Somalia iliwahi kuitwa Bandar Qasim. Huko huko kusini mwa Iran, ukisema bandari watu watadhani unazungumzia muziki: ndiyo ngoma ya haraka ya watu wa pwani.

Kwa Wamalei ndiko neno lilikobadilika zaidi. Katika karne ya 15 Malacca ilikuwa na mashahbandar wanne, wakuu wa bandari, kila mmoja akisimamia wafanyabiashara wa kutoka upande wake. Miji ilikua kuzunguka gati, na bandar ikaishia kuwa mji wenyewe, hata usiopakana na maji. Ndiyo maana mji mkuu wa Brunei, tangu 1970, unaitwa Bandar Seri Begawan. Waindonesia wamelipandisha hadi angani: uwanja wa ndege ni bandara, kifupi cha bandar udara, bandari ya anga.

Tusiwacheke. Sisi nasi tuna bandari kavu pale Isaka, Shinyanga, mbali kabisa na bahari, malori yanakopakia mizigo ya Rwanda na Burundi. Na tuna bandari bubu, vijibandari vya kificho ambako magendo hushushwa usiku bila karani wala stakabadhi. Hilo la bubu nalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji maelezo.

Kuna wanaosema Dar es Salaam ilianza kama "Bandar es Salaam". Sioni haja ya kufika huko. Dar kwa Kiarabu ni nyumba au makao, na inajitosheleza.

Mhindi naye ukimtajia bandar, atafikiria nyani au kima. Hilo ni neno jingine kabisa, limetoka Kisanskriti, vanara. Akitaka bandari ya meli, anasema bandargah.