Kwa nini lithiamu hupandisha chembe nyeupe za damu?

Mtu anayetumia dawa ya lithiamu kwa ugonjwa wa baipola, ule wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, anapopimwa damu Kisumu au Nakuru, huenda chembe nyeupe zikaonekana nyingi kupita kawaida, na watu wa nyumbani wakaanza mara moja kutaja taifodi. Dhana kwamba chembe hizo zikipanda lazima pawe na maambukizi si ya kipuuzi, kwa kuwa bakteria wengi huzipandisha kweli; ila ujauzito, mazoezi makali na dawa za steroidi huzipandisha pia, ilhali malaria, mshukiwa wa kwanza kando ya Ziwa Victoria, kwa kawaida haizipandishi. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliripoti mwaka 1949 kuwa hutuliza wagonjwa wa aina hii, imo katika orodha ya vinavyozipandisha. Inazoongeza hasa ni nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, na dawa ikiachwa, hesabu hushuka.

Chanzo kimo katika uboho, zinamozaliwa chembe zote za damu kutokana na seli shina. Ndani ya seli hizo kuna kimeng'enya GSK-3, ambacho ni kama mkaguzi katika soko la Kibuye anayepaka rangi magunia ya kutupwa: kila protini ya beta-katenini anayoitia alama huondolewa na kuharibiwa. Lithiamu humzuia mkaguzi huyo, kwa sehemu kwa kukalia nafasi ya magnesiamu anayoihitaji kazini, hivyo beta-katenini hurundikana na kuisukuma seli izaliane. Zaidi ya hayo, lithiamu huchochea utengenezaji wa G-CSF, homoni inayouamuru uboho utoe nyutrofili.

Tahadhari moja yatoka kwa panya: GSK-3 ikizuiwa kwa muda mrefu, seli shina huongezeka mwanzoni, kisha akiba yake hupungua. Panya si binadamu, na jaribio hilo halitoshi kumfanya mgonjwa aache dawa.

La ajabu zaidi, kwa maoni yangu, liko karibu nasi. Waafrika wengi, magharibi mwa Kenya wakiwemo, hawana alama ya Duffy, yaani protini fulani, kwenye chembe nyekundu, na kwa kawaida nyutrofili zao katika damu huwa chache ingawa ni wazima kabisa. Lithiamu inaweza kuzipandisha hadi zionekane za kawaida tu katika karatasi ya maabara, kwa hiyo kipimo chenye maana zaidi ni kile cha mgonjwa mwenyewe kilichochukuliwa kabla hajaanza dawa.