Yule mbaya hakugeuzwa jana

Juzi, kwenye saluni moja ya Mbuyuni, Moshi, tamthilia ilimfichua shemeji mpole kuwa ndiye aliyepanga wizi wa hati ya kiwanja. Dada aliyekuwa anasukwa akalalamika: "Mwandishi kaishiwa, kamgeuza tu." Wengi huamini hivyo, lakini sivyo. Njama nzuri ya hadithi hupandwa mapema. Wiki kadhaa nyuma shemeji huyo alifungua droo yenye hati bila kuelekezwa. Tuliona, tukapita.

Siri hulindwa hata kwa waigizaji: mwaka 1980, watengenezaji wa Dallas, tamthilia ya Marekani, walirekodi watu kadhaa tofauti wakimpiga risasi mhusika wake J.R. Ewing ili jibu la nani alimpiga lisivuje.

Mimi hurudia sehemu za mwanzo. Utamu uko pale, mkono wake unapoiendea droo.