Mtoto mwenye VVU akiharisha: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Huo ni ugonjwa wake umepanda.” Mara nyingi sivyo. Mtoto anayeishi na VVU huambukizwa rotavirusi, yaani virusi vinavyoharisha watoto, kama mtoto mwingine yeyote: kwa mikono, vyombo na maji yenye kinyesi. Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta ukali wa kuharisha kwa rotavirusi ni ule ule kwa wenye VVU na wasio nao. Ila wenye VVU huendelea kutoa virusi chooni kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo sabuni isiwekwe kando siku choo kinaporudi kuwa kigumu.

“Ni meno ya plastiki.” Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtoto anaharisha, ana homa, mtu anafunua ufizi na kuona uvimbe mweupe, basi anapelekwa kwa mng’oaji. Kinachokwanguliwa pale ni chipukizi la jino la kawaida la utotoni. Kifaa kimoja kinapita vinywa vingi, jeraha linaachwa wazi, na kuharisha kuko pale pale.

“Anakunywa Septrin kila siku, ataharishaje?” Septrin ni antibayotiki ya kumkinga na maambukizi mengine; haigusi virusi vya tumbo. Aendelee nayo, lakini asiongezewe antibayotiki za dukani. Kinachoua ni kukaukiwa maji. Mpe ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini (pakiti ya lita moja kwenye lita moja kamili ya maji, si kwa kukisia) na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6.

“ARV zipumzishwe kwanza.” Hizi ni dawa zake za kufubaza VVU; zisipumzishwe. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi. Anayenyonya aendelee kunyonya.

“Chanjo ya Rota ina virusi hai, haimfai.” Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wenye VVU pia. Tanzania, inayoitoa tangu 2013, humpa mtoto matone wiki ya 6 na ya 10. Usingoje majibu ya kipimo cha VVU.

Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na kuharisha kukifika siku 14, hapo lile neno la “ugonjwa wake” linapata uzito: mpeleke CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, waangalie kama dawa zinafanya kazi.