Je, wajua kwa nini hifadhidata (database) huweza kuiona Desemba 2023 kuwa baada ya Machi 2024?

Chukua jedwali la mauzo ambalo tarehe zake zimeandikwa kama tulivyozoea Afrika Mashariki, siku ikitangulia: 09/12/2023, 05/03/2024. Iulize hifadhidata mauzo yote ya baada ya 05/03/2024. Itakuletea na yale ya Desemba 2023, wala haitatoa onyo lolote.

Sababu ni kwamba safu ile ya tarehe imehifadhiwa kama maandishi. Maandishi hulinganishwa alama kwa alama kuanzia kushoto, kama maneno yanavyopangwa kwenye kamusi. Alama ya kwanza ni 0 kwa 0, zinalingana. Ya pili ni 9 kwa 5. Tisa ni kubwa, basi jibu limepatikana hapo hapo; mwaka haukufikiwa kabisa.

Balaa huzidi data inapotoka sehemu mbili. Jedwali moja lina 05/03/2024, jingine 2024-03-05, yote maandishi. Kwetu ni siku ile ile, lakini ukiyaunganisha kwa tarehe hupati hata mstari mmoja. Na kama faili limetoka Marekani, 05/03 ni Mei 3! Tarakimu zenyewe haziwezi kukuambia hilo, kwa hiyo muulize aliyekupa data kabla hujagusa chochote.

Dawa ni kugeuza maandishi yawe tarehe halisi, ukitaja mpangilio wake. Kwenye MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, huandikwa STR_TO_DATE('05/03/2024', '%d/%m/%Y'). Kwenye PostgreSQL na Oracle, programu nyingine za aina hiyo, ni TO_DATE('05/03/2024', 'DD/MM/YYYY'). Ndani ya PostgreSQL tarehe ni hesabu ya siku tangu Januari 1, 2000, hivyo kinacholinganishwa ni namba mbili tu.

Ila kugeuza kila mstari kila unapouliza huichosha mashine, kwa kuwa faharasa ya kawaida ya safu hiyo (orodha inayosaidia kupata mistari haraka) haitumiki tena. Kwa jedwali kubwa, ni bora kuongeza safu ya aina ya DATE na kuzigeuza tarehe zote mara moja.

SQLite, programu nyingine ya hifadhidata, haina aina ya tarehe. Huko tumia mpangilio wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa kilichotolewa 1988: mwaka, mwezi, siku. Mwaka ukiwa kushoto, hata maandishi hupangika sawasawa, mradi usiiondoe sifuri ya mwanzo kwenye mwezi au siku. Ukiandika 2024-3-05, itahesabiwa kuwa baada ya 2024-12-01, maana 3 ni kubwa kuliko 1.